Jangwani, Mwamba Ndio Unaoamua Nani Aishi

Tukizungumzia jangwa, karibu kila mara tunaanza na mvua na kuishia hapo hapo. Pasiponyesha hapana uhai. Pakinyesha kidogo, uhai ni kidogo. Pakinyesha zaidi, unaongezeka. Maelezo haya ni mepesi kukumbuka, na vitabu vya shule vimeyarudia hadi hakuna anayeyahoji. Kwa miti na wanyama wakubwa yana ukweli wa kutosha. Lakini wakazi wengi wa jangwa ni viumbe wadogo: bakteria, likeni (yaani kuvu na mwani walioungana), minyoo wasioonekana kwa macho, wadudu, mijusi, panya. Kwa hao, maelezo ya mvua yanaficha mengi kuliko yanayoyafichua. Ninavyoona mimi, mvua huchora mpaka wa jumla tu. Ndani ya mpaka huo, nani aishi, wapi, kwa rangi gani na kwa mbinu gani, huamuliwa na mwamba pamoja na chumvi zilizomo udongoni. Na kwa kuwa hatujazoea kufikiri hivyo, tunaendelea kuyaharibu majangwa tukiamini kwamba ni ardhi tupu.

Mfano ulio wazi kuliko yote uko katika bonde la Tularosa, jimbo la New Mexico, Marekani. Ndani ya bonde hilo kuna White Sands, matuta ya mchanga mweupe yaliyoenea kwenye eneo la takriban kilomita za mraba 710. Kaskazini yake, bado ndani ya bonde lile lile, kuna uwanja wa lava nyeusi wa Carrizozo, iliyotoka ardhini yapata miaka 5,000 iliyopita. Jua ni lile lile na ukame hautofautiani sana. Lakini panya wadogo wenye vifuko vya mashavu wanaoishi kwenye matuta wana manyoya yaliyopauka karibu kuwa meupe, na jamaa zao wa kwenye lava wana migongo myeusi. Ukitumia kipimo cha mvua peke yake, huwezi kueleza tofauti hiyo hata kidogo.

Weupe wa White Sands umetoka mbali. Mchanga wa majangwa mengi ni punje za kwatzi, madini magumu yasiyoyeyuka kwa urahisi. Hapa mchanga ni jasi, mchanganyiko wa kalisi na salfa ambao huyeyuka majini. Jasi hiyo iliachwa na bahari ya kale iliyokauka zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita, kabla ya dinosaria kutokea. Ikawa tabaka za mwamba, kisha ikainuliwa pamoja na milima inayolizunguka bonde. Mvua na theluji za milimani huiyeyusha na kuiteremsha. Kwingineko mto ungeichukua na kuifikisha baharini, na mambo yangeishia hapo, lakini bonde la Tularosa halina mto wa kutokea. Maji hujikusanya sehemu ya chini kabisa, hukauka, na jasi hubaki kama fuwele kandokando ya Ziwa Lucero. Baridi, joto na upepo huzivunjavunja, na vipande hupeperushwa hadi kuwa matuta. Ukitaka kujua kwa nini mjusi wa pale ni mweupe, jibu kamili linapita kwenye bahari iliyokufa zamani na bonde ambalo maji yake hayana pa kwenda.

Na si mjusi mmoja. Spishi tatu za mijusi zisizo na undugu wa karibu zimepauka katika matuta hayo, ilhali ndugu zao wa nje ya matuta wamebaki na rangi ya udongo wa kahawia. Mwaka 2010 Erica Rosenblum na wenzake walieleza kilichotokea ndani ya jeni iitwayo Mc1r, ambayo husaidia kutengeneza rangi nyeusi ya ngozi. Spishi mbili zilipoteza sehemu ya kazi ya jeni hiyo hiyo moja, lakini kwa njia mbili tofauti: katika moja, protini inayotengenezwa inashindwa kujipachika vizuri kwenye utando wa seli, katika nyingine inajipachika, ila haipitishi ujumbe inavyotakiwa. Mtaalamu wa nondo Eric Metzler naye amepata katika matuta hayo makumi ya spishi za nondo ambazo sayansi haikuwa ikizijua, na nyingi kati yake ni nyeupe. Yote haya kwenye matuta yenye umri wa maelfu machache ya miaka, muda ambao kwa kipimo cha miamba ni mfupi mno.

Upande wa weusi nao una somo lake. Mwaka 2003 Michael Nachman, Hopi Hoekstra na mwenzao walichunguza panya wa mawe wanaoishi kwenye lava ya Pinacate, karibu na mpaka wa Arizona na Mexico. Waliona kwamba weusi wao unaendana na mabadiliko manne katika Mc1r. Walipokwenda kwenye lava za New Mexico, wakakuta panya wa spishi hiyo hiyo, weusi vilevile, lakini Mc1r yao haikuhusika. Huko rangi ilitokana na jeni nyingine. Nalitilia mkazo jambo hili kwa sababu mara nyingi watu wakisikia kwamba mwamba unaunda viumbe, hudhani kwamba kuna njia moja ya lazima. Mwamba hauchagui jeni. Mwamba unaweka sharti, bundi na ndege wengine wawindaji wanalisimamia kwa kumla kila anayeonekana, na kila ukoo unatafuta njia yake ya kulitimiza.

Hata hivyo rangi ni ile sehemu ya habari inayoonekana kwa macho. Kazi nzito zaidi hufanywa na kemia ya udongo.

Mahali penye mvua nyingi, maji hupita udongoni mwaka baada ya mwaka na kuziondoa chumvi zote zinazoyeyuka, hadi mitoni na baharini. Jangwani maji huingia kidogo, hufika kina fulani, kisha jua huyavuta tena juu au hukaukia pale pale. Chumvi zilizokuwa zimebebwa hubaki njiani, na hazibaki ovyo. Chokaa, ambayo haiyeyuki kirahisi, hukwama mapema, mara nyingi karibu na uso. Jasi husafiri mbele kidogo. Chumvi ya kawaida husafiri zaidi, na naitreti ndizo zinazoyeyuka kwa wepesi kuliko zote, kiasi kwamba zikionekana zimejikusanya kwa wingi, ujue hapo maji hayajapita kwa muda mrefu sana. Mtaalamu wa udongo akichimba shimo jangwani, anaweza kusoma katika tabaka hizo historia ya ukame wa mahali hapo, pengine ya mamia ya maelfu ya miaka.

Kwa kiumbe mdogo, tabaka hizo ndizo hali halisi ya maisha. Udongo wenye chokaa nyingi huwa na alkali, mara nyingi pH ya zaidi ya 8. Katika hali hiyo fosforasi hufungwa na kalisi, nayo chuma, zinki na manganizi haziyeyuki. Madini yapo, tena pengine kwa wingi, ila hayashikiki. Bakteria anaweza kuwa amekalia fosforasi ya kumtosha yeye na vizazi vyake vyote na bado akafa kwa kuikosa. Anayefanikiwa kuishi hapo ni yule anayeweza kutoa asidi kidogo kuzunguka mwili wake, akaiyeyusha chokaa na kuifungua fosforasi. Ukimwona mahali fulani na usimwone mita mia kadhaa pembeni, usikimbilie kutafuta tofauti ya mvua. Angalia kwanza kama umevuka kutoka mwamba wa chokaa kwenda mwamba wa mchanga.

Jangwa la Atacama, kaskazini mwa Chile, ndilo linalotufundisha mengi zaidi kuhusu hili, nami nitakaa hapo kidogo. Katika kitovu chake, hasa eneo la Yungay, mvua ya maana inaweza kukosekana kwa miaka mingi mfululizo. Mwaka 2003 Rafael Navarro-González na wenzake waliripoti kwamba udongo wa hapo una mabaki machache mno ya uhai, kiasi cha kuufananisha na udongo wa sayari ya Mirihi. Utafiti mwingine, wa mwaka 2006, ulifuata mawe ya kwatzi yanayopitisha mwanga kutoka sehemu zenye unyevu kiasi hadi kwenye kitovu. Kwenye sehemu zenye unyevu, zaidi ya robo ya mawe yalikuwa na sianobakteria upande wa chini, wale bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Kwenye kitovu walikuwa chini ya jiwe moja kati ya elfu. Aliyeishia hapo angesema: ni kweli, ni mvua tu.

Lakini mwaka huo huo wa 2006, Jacek Wierzchos, Carmen Ascaso na mwenzao walitangaza kwamba katika eneo lile lile la Yungay kuna sianobakteria hai. Hawakuwa chini ya mawe wala udongoni. Walikuwa ndani ya vibonge vya chumvi, chumvi hii hii ya kawaida iliyoganda kuwa mwamba. Sababu yake ni ya kikemia. Chumvi ya kawaida huvuta unyevu kutoka hewani na kuanza kuyeyuka pale unyevu wa hewa unapofikia takriban asilimia 75. Ndani ya vitundu vidogo mno vya kibonge, unyevu unaweza kugeuka kuwa maji hata hewa ikiwa kavu zaidi ya hapo, na yakishaingia hayatoki upesi. Kwa hiyo usiku mmoja wenye unyevu, bila tone la mvua, unaweza kumpa bakteria maji ya kufanyia kazi asubuhi, tena huku chumvi ikimkinga dhidi ya mionzi mikali. Kwatzi ni safi, ni gumu, halivuti chochote. Chini yake hakuna kitu. Chumvi, ambayo kwingine tunaitumia kuzuia bakteria wasiharibu chakula, hapo ndiyo makazi ya mwisho. Hewa ni moja, tofauti ni jiwe.

Jasi ya Atacama nayo imezua mjadala. Madini hayo yana maji ndani ya fuwele zake, na mwaka 2020 kundi la watafiti walioongozwa kutoka vyuo vya Marekani lilidai kwamba sianobakteria wanaweza kuyatoa maji hayo na kuiacha jasi ikiwa imegeuka kuwa madini makavu yasiyo na maji. Wierzchos na wenzake walipinga, wakisema ushahidi hautoshi na kwamba madini hayo makavu yanaweza kuwepo kwa sababu nyingine. Mimi naegemea upande wa wapingaji. Kuvunja fuwele ili kupata maji kunadai nishati, na kiumbe anayeishi kwa saa chache za usanisinuru ana nishati ndogo sana ya kutumia. Lakini hata kama dai hilo litaanguka, swali lenyewe limekaa mahali sahihi: linauliza kiumbe anafanya nini na madini, badala ya kuhesabu milimita za mvua.

Naitreti za Atacama zinajulikana zaidi kwa siasa kuliko kwa biolojia, kwa kuwa zilichangia Vita vya Pasifiki vilivyoanza mwaka 1879 kati ya Chile, Peru na Bolivia. Sehemu kubwa ya naitreti hizo ilishuka kutoka hewani kidogo kidogo kwa mamilioni ya miaka. Isotopi za oksijeni zilizomo ndani yake, yaani atomu za oksijeni zinazotofautiana kwa uzito, zinaonyesha hivyo. Kwingineko duniani zingeoshwa na mvua au kuliwa na vijidudu vinavyozirudisha angani kama gesi. Hapa zilibaki kwa sababu hapakuwa na wa kutosha wa kuzila. Rutuba iliyosafirishwa kwa meli hadi mashamba ya Ulaya ilikuwa, kwa maana fulani, alama ya viumbe wasiokuwepo.

Kisha ikaja mvua. Mwaka 2015 na tena mwaka 2017, kitovu cha Atacama kilipata mvua ambayo hakuna kumbukumbu za awali za mfano wake katika karne kadhaa, na vidimbwi vya chumvi vikatokea na kudumu kwa miezi. Kwa fikra zetu za kawaida, hiyo ingekuwa sherehe ya uhai. Armando Azua-Bustos, Alberto Fairén na wenzao walichunguza vidimbwi hivyo na mwaka 2018 wakaripoti kinyume chake: zaidi ya robo tatu ya spishi za vijidudu zilizojulikana katika udongo huo hazikuonekana tena majini. Viumbe waliojengwa kwa ajili ya udongo mkavu wenye chumvi waliingiwa na maji mengi kwa ghafla, na seli zao zikapasuka. Kwao mvua ndiyo ilikuwa janga. Sioni ushahidi mwingine unaoipiga fikra ya mvua kwa nguvu zaidi ya huu.

Watafiti hao walikwenda mbele na kuikumbusha dunia kwamba vyombo vya Viking vilivyotua Mirihi mwaka 1976 vilifanya majaribio ambamo udongo ulilowekwa kwa mchanganyiko wa maji. Chombo cha Phoenix kilipofika mwaka 2008 kiligundua kwamba udongo wa huko una perkloreti, chumvi ambayo pia hupatikana Atacama. Kama kungekuwa na kitu hai kwenye chumvi hizo, kukizamisha majini huenda kulikuwa ndiyo kukiua. Naona hoja hiyo ina uzito, na inafaa ibadilishe namna sampuli zijazo zitakavyoshughulikiwa: zipewe unyevu wa hewa kwanza, polepole, kabla ya kumwagiwa chochote.

Upo pia upande wa pili wa shilingi, mahali ambapo maji yapo na uhai haupo. Dallol, katika bonde la Danakil nchini Ethiopia, iko zaidi ya mita 100 chini ya usawa wa bahari, na joto la volkeno husukuma maji ya chumvi hadi juu, yakafanya madimbwi ya rangi ya njano na kijani. Mwaka 2019 kundi la Purificación López-García lilitangaza kwamba baadhi ya madimbwi hayo hayana dalili ya uhai wowote. Walitaja vizuizi viwili. Kwanza ni muungano wa tindikali kali na chumvi nyingi kwa pamoja. Pili ni magnesi nyingi, ambayo huvuruga maumbo ya protini na utando wa seli hata maji yakiwa tele. Watafiti wengine walidai mwaka huo huo kuona alama za vijidudu vidogo mno katika eneo hilo, kwa hiyo mjadala haujafungwa. Lakini hakuna katika pande hizo anayesema tatizo la Dallol ni uhaba wa maji. Tatizo ni kilichoyeyuka ndani yake.

Baridi kali haiondoi kanuni hii. Mabonde Makavu ya McMurdo huko Antaktika ni jangwa kwa kila kipimo, na kwa muda mrefu yalidhaniwa kuwa karibu matupu. Mwaka 1976 Imre Friedmann na Roseli Ocampo waliripoti sianobakteria wanaoishi ndani ya mawe ya huko, milimita chache chini ya uso. Baadaye ikajulikana kwamba kuna likeni pia ndani ya mawe ya mchanga. Jiwe la mchanga lina nafasi kati ya punje, linapitisha mwanga kidogo, linashika maji ya theluji na kupata joto la jua. Mwamba mweusi na mzito uliopo jirani hautoi nafasi hiyo. Udongoni napo, mnyoo duara aitwaye Scottnema lindsayae hutawala sehemu kavu ambazo minyoo wengine hawaziwezi, na anajua kujikausha hadi maisha yake yasimame kwa muda mrefu. Hata yeye ana kikomo. Udongo wa zamani sana, ambao haukufunikwa na barafu kwa muda mrefu, umejilimbikizia chumvi kiasi kwamba wanyama wake huwa wachache au hakuna kabisa. Kwa hiyo umri wa ardhi tangu barafu iondoke unaweza kukueleza kama utakuta mnyoo au la, jambo ambalo kipimajoto hakitakueleza.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu, nalo ni Namib, jangwa la pwani ya kusini magharibi mwa Afrika. Watu husema: pale kila kitu ni ukungu wa bahari, si mawe. Mbawakawa aitwaye Onymacris unguicularis hupanda kileleni mwa tuta, huinamisha kichwa, ukungu hugeuka matone mgongoni na kutiririka hadi mdomoni. Wenzake wa jenasi ya Lepidochora huchimba vijifereji mchangani vya kunasa ukungu. William Hamilton na Mary Seely waliyaeleza haya mwaka 1976, na kituo cha utafiti cha Gobabeb kimekuwa kikifuatilia viumbe hao tangu kilipoanzishwa mwaka 1962. Nakubali, ukungu ni muhimu mno. Ila ukungu huo huo hufika pia kwenye tambarare za changarawe upande wa pili wa mto Kuiseb, na huko jamii ya mbawakawa ni nyingine. Vijifereji havichimbiki kwenye changarawe. Kujizika kukwepa joto la mchana kunahitaji mchanga laini ulio mkavu. Hata chakula cha matuta, yaani vipande vya majani makavu vinavyoletwa na upepo, hujikusanya chini ya upande mkali wa tuta ambako mchanga huporomoka.

Na mchanga huo umetoka wapi? Sehemu kubwa ililetwa na mto Orange kutoka ndani ya kusini mwa Afrika hadi baharini, mawimbi yakausukuma kaskazini kandokando ya pwani, upepo ukautoa nchi kavu. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2010 na Pieter Vermeesch na wenzake vinaonyesha kwamba punje zake zimekuwa zikizunguka katika jangwa hilo kwa angalau miaka milioni moja. Mbawakawa wa matuta wamepata muda wa kutosha wa kuuzoea mchanga huo kwa sababu mchanga wenyewe haukuwahi kuondoka. Kwenye changarawe za pwani, nako kuna mashamba ya likeni juu ya ganda la jasi. Salfa ya jasi hiyo, kwa mujibu wa isotopi zake, imetoka kwa kiasi kikubwa baharini, katika gesi zinazotolewa na vijidudu vya majini visivyoonekana kwa macho, ikabebwa na hewa hadi nchi kavu. Vijidudu vya bahari vimetengeneza ganda ambalo viumbe wa jangwa wanaishi juu yake, na ukungu ukawanywesha. Ukiuondoa ukungu, likeni zinakufa. Ukilivunja ganda, zinakosa pa kujishikiza, na ukungu utaendelea kuja bure.

Mfano huo unatuonyesha pia kwamba mwendo si wa upande mmoja. Viumbe wadogo nao huujenga mwamba na udongo. Takriban asilimia 12 ya nchi kavu ya dunia imefunikwa na maganda hai ya udongo, ambayo ni sianobakteria, likeni, kuvu na mimea midogo isiyo na mizizi iliyofungamana. Mjenzi mkuu katika sehemu nyingi ni Microcoleus, sianobakteria mwenye umbo la uzi. Udongo ukilowa, nyuzi zake huteleza kuelekea juu zikiacha ute. Udongo ukikauka, ute hugandamanisha punje na upepo unashindwa kuzibeba. Aina nyingine za viumbe hao huvuta naitrojeni kutoka hewani na kuirutubisha ardhi. Hata ule weusi unaong'aa juu ya mawe ya jangwa, ambao watu wa kale walichonga michoro yao juu yake, una manganizi nyingi kuliko udongo uliouzunguka. Mwaka 2021 Usha Lingappa, Woodward Fischer na wenzao walitoa maelezo ninayoyaona kuwa bora kuliko yaliyotangulia: sianobakteria hujaza manganizi mwilini kujikinga na madhara ya jua kali, na wakifa huiacha juu ya jiwe. Na katika bonde la Bodélé nchini Chad, vumbi linaloruka kila mwaka limejaa maganda ya diatomu, mwani wa ziwa kubwa lililokauka. Makadirio yaliyotolewa mwaka 2015 yanaonyesha kwamba vumbi la Sahara hupeleka msitu wa Amazon wastani wa tani 22,000 za fosforasi kwa mwaka.

Sasa nije kwenye linaloniuma. Miradi ya jangwani, iwe migodi ya jasi, mabwawa ya kukaushia maji ya lithiamu kama yaliyopo kwenye tambarare ya chumvi ya Salar de Atacama, mashamba makubwa ya paneli za jua au upandaji wa miti, hutathminiwa kwa kuhesabu mimea na wanyama wanaoonekana. Wasipoonekana, ripoti husema athari ni ndogo. Njia hiyo ingeipita White Sands ikiona mchanga tu, na ingeipita Yungay ikiona chumvi. Kibaya zaidi, huchukulia kwamba jangwa likiharibiwa litajirudi lenyewe mvua ikinyesha. Vifaru vya jeshi la Marekani vilivyofanya mazoezi katika jangwa la Mojave kati ya mwaka 1942 na 1944 viliacha alama ambazo bado zinaonekana. Ganda la udongo lililokanyagwa huchukua miongo kadhaa kurudi, na sehemu zake za likeni huweza kuhitaji karne. Ganda la jasi lililojengwa kwa gesi za bahari kwa maelfu ya miaka halirudi kwa kipimo chochote cha maisha ya binadamu.

Kwa hiyo nadai kitu kimoja mahususi. Kabla ya kibali kutolewa, tathmini ya jangwa ianze na ramani ya kinachokaliwa: wapi kuna chokaa, wapi jasi, wapi chumvi, wapi kwatzi inayopitisha mwanga, wapi udongo una ganda hai, na kila kimoja kina umri gani. Vijidudu vichunguzwe ndani ya mawe na chumvi, si juu ya mchanga pekee, na barabara za magari zipangwe kukwepa maganda ya zamani badala ya kufuata mstari mfupi zaidi. Mwekezaji asiyeweza kuonyesha ramani hiyo bado hajajua anachotaka kuchimba, na mamlaka inayompa kibali bado haijajua inachoruhusu kipotee.